Shajara ya bwawa la Mwakirunge: tuta, utoro na wavuvi wa Jumapili

Januari, kaskazi bado inavuma

Ami amekubali. Bwawa la shambani Mwakirunge, pembezoni mwa Mombasa, ambalo marehemu babu alilijenga kwa ajili ya ng'ombe na miche ya minazi, litafufuliwa, na siku za Jumapili na sikukuu watu wataruhusiwa kuja kuvua kwa mshipi, kupanda mtumbwi na kula mishkaki chini ya mabanda. Kazi ya kusimamia nimepewa mimi, pamoja na kuandika shajara hii, maana nusu ya pesa inatoka kwa ndugu walioko Muscat, nao wamechoka kuambiwa "mambo yanaendelea". Wanataka kujua kipi kimefanywa na kipi kimekwama.

Vipimo kwanza. Tuta ni la udongo mtupu, lina urefu wa mita 60 hivi kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na pale penye bonde limesimama mita 4. Maji yakijaa hurudi nyuma mita 150, na kina chake karibu na tuta ni mita 3. Kwa mabwawa madogo kama haya mafundi wana hesabu yao ya haraka: zidisha urefu wa maji kwa upana kwa kina, kisha gawa kwa 6. Hili letu linapata mita za ujazo 4,500.

Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka bwawa la namna hii katika daraja la chini kabisa, yaani lisilofika kina cha mita 5 wala mita za ujazo 100,000. Ami aliposikia "daraja la chini" alifurahi. "Basi kibali cha nini tena, mwanangu?" Nikamwambia kibali kipo palepale. Ukizuia mkondo wa maji, hata wa msimu, unahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nao wana lao. Bwawa la Solai kule Nakuru, lililopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, lilikuwa bwawa la shamba la mtu binafsi. Lilikuwa kubwa kuliko letu, kweli, lakini waliokufa walikuwa majirani waliokuwa majumbani mwao. Na sisi tuna majirani kule chini.

Hesabu iliyomnyamazisha Ami ni ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10. Eneo linalomwaga maji kwenye bwawa letu ni hekta 20 hivi. Zikishuka milimita 100 kwa saa moja na nusu yake ikatiririka badala ya kunywewa na ardhi, yanakuja maji mita za ujazo 10,000. Bwawa zima, likiwa tupu, halichukui hata nusu ya hayo. Kwa hiyo wanaouliza "litabeba maji kiasi gani?" wanauliza swali la pili. La kwanza ni yatapita wapi yasipobebeka.

Februari, jua kali

Mhandisi amekuja mara ya kwanza. Hakutazama maji kabisa. Alitembea juu ya tuta akiinama kama aliyeangusha sindano, akichokoa nyufa kwa kijiti. Huku juu hatuko kwenye matumbawe kama Nyali na Bamburi. Udongo wetu ni mfinyanzi, na mfinyanzi ukikauka hupasuka. Nyufa ndogo za juu hazikumshtua. Zinazotisha, alisema, ni zile zinazokata tuta kutoka upande wa maji hadi upande wa pili, na hizo hakuziona.

Aliona mengine. Bodaboda wamefanya juu ya tuta njia ya mkato, na katikati pamezama zaidi ya nusu mita. Kwa macho hupaoni. Fundi alileta mpira wa levo, ule ule wa kusawazishia misingi, tukaujaza maji, mmoja akashika ncha kwenye kizingiti cha utoro (ile njia ya pembeni ya kumwagia maji yaliyozidi), mwingine akawa anahama na ncha ya pili juu ya tuta, hatua kwa hatua. Pale palipozama, tofauti ilikuwa sentimita 35 tu. Maana yake maji yakipanda sentimita 35 juu ya kizingiti, yanaanza kupita juu ya tuta lenyewe, na tuta la udongo likishapitiwa juu halina dua. Maji yanachimba upande wa nyuma, mfereji unarudi ndani, na kwa saa chache hakuna bwawa.

Utoro wenyewe ulikuwa na upana wa mita 2. Kwa kina hicho cha sentimita 35 unapitisha mita za ujazo 0.7 kwa sekunde. Mvua ile ya hesabu yetu inaleta 2.8. Robo!

Halafu kuna mwarobaini. Umeota kwenye bega la tuta, mkubwa, kivuli chake kinapendeza kuliko banda lolote tutakalojenga, na Shangazi hutuma mtoto kuchuma majani yake kila mtu anapopata homa. Mhandisi akasema lazima uondoke. Mizizi ya mti hupenya tuta kutafuta maji. Mti ukiwa hai upepo wa kusi huutikisa na kulegeza udongo, na ukifa mizizi huoza na kuacha matundu ya urefu wake. Shangazi hakutaka kusikia.

"Mti huu una umri kukushinda wewe na huyo injinia wako."

"Ndiyo maana Shangazi, mizizi yake imekwenda mbali."

"Basi ukateni juu, muache kisiki kichipue."

Kisiki ndicho kibaya zaidi. Tulizungumza hadi chai ikapoa. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba tupande miarobaini mitatu upande wa mlima, mbali na tuta, na kwamba ya kwanza apande yeye.

Machi, tunakimbizana na masika

Mwarobaini umeng'olewa, na shimo lake lilikuwa kubwa kuliko tulivyotarajia. Tulifuata mizizi minene hadi ilipokuwa myembamba kama kidole. Kujaza shimo ndiyo kazi iliyokula siku. Udongo unamwagwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka inashindiliwa mpaka kisigino hakiachi alama, kisha juu yake inakwaruzwa ili tabaka inayofuata ishike. Unyevu wa udongo fundi anaupima kwa mkono: anafinya bonge, analiachia lianguke toka kiunoni. Likisambaratika kama unga, ni kavu. Likibandika chini kama ugali, limelowa mno. Linalotakiwa ni lile linalopasuka vipande viwili vitatu. Vijana walidhani ni mchezo. Baada ya kuambiwa wafukue tabaka moja iliyoshindiliwa kavu, wakaanza kuangusha mabonge wenyewe bila kuagizwa.

Juu ya tuta pamenyanyuliwa, sasa ni mita 1 kamili juu ya kizingiti kutoka ncha hadi ncha, na katikati tumezidisha kidogo kwa sababu udongo mpya hukaa. Utoro umepanuliwa kutoka mita 2 hadi 6. Maji yakipita humo kwa kina cha nusu mita, zinapita mita za ujazo 3.6 kwa sekunde, na bado kuna nusu mita kavu juu yake. Sakafu yake ni ya mawe yaliyopangwa, mteremko wa nyuma tumepanda ukoka. Hakuna saruji nyingi. Ukoka unashika udongo kwa gharama ya jasho tu, mradi mbuzi wakae mbali.

Bomba la zamani la chuma lililopita chini ya tuta limeliwa na kutu. Wazo la kwanza la kila mtu ni kulifukua na kuweka jipya. Mhandisi alikataa: kufukua ni kulikata tuta zima, na nje ya bomba lolote ndipo maji hupenda kujitafutia njia. Tumeliziba kwa zege ndani, na kutoa maji tutatumia saifoni, bomba la plastiki linalopanda juu ya tuta na kushuka upande wa pili. Lakini alisisitiza kwamba zege limeziba tundu la bomba, halikuziba pembezoni mwake. Pale bomba linapotokea chini pachungwe.

Bado Machi: ugomvi wa nyavu

Huu nauandika peke yake kwa sababu Muscat walipigiwa simu na pande zote mbili.

Binamu yangu, ambaye ndiye mwenye mipango ya samaki, alikuja na nyavu na nondo za kuziba mdomo wa utoro. Hoja yake inaeleweka: tumenunua vifaranga vya perege, mvua ikija watapitia utoroni na kuishia Mto Mtwapa, na pesa zao nazo. "Kwani nyavu inazuia maji? Maji yanapita, samaki anabaki."

Nilimsimulia habari ya South Fork, bwawa la Pennsylvania nchini Marekani. Lilikuwa la klabu ya matajiri, la kuvulia samaki na kupunga upepo. Walishusha juu ya tuta ili magari ya farasi yapishane. Mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameshaondolewa na kuuzwa kabla yao, nao hawakuyarudisha. Kwenye utoro wakaweka vizuizi vya kuwazuia samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikaja na matawi na takataka, vizuizi vikaziba, maji yakapanda juu ya tuta. Mji wa Johnstown uliokuwa bondeni ulipoteza watu 2,209.

Binamu akasema sisi si matajiri wa Marekani. Kweli. Lakini tazama walichofanya: tuta lishuke kidogo watu wapite vizuri, samaki wasipotee. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha ajabu, na viwili hivyo tulikuwa navyo hapa hapa. Bodaboda walikuwa wamekwisha tushushia tuta bure, na nyavu ilikuwa ndani ya gari, Probox, inangoja kufungwa.

Nilimpeleka kwenye mkondo wa juu tukatazama kilicholala kavu, kikisubiri maji ya kwanza: makuti, maganda ya nazi, chupa, mifuko, tawi la mwembe. Hivyo vyote vinakuja siku moja, na siku hiyo ndiyo utoro unapohitajika.

Tulikoishia: hakuna nyavu, hakuna nondo, hakuna daraja la miti juu ya utoro. Samaki wa kuuza watakaa kwenye vizimba katikati ya bwawa. Wa kuvuliwa kwa mshipi wataachwa huru, na atakayepotea na apotee. Kwa kuwa watapotea, tumechagua perege wa asili ya mito ya pwani, Oreochromis spilurus, wale waliofugwa Bamburi kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo mtaalamu wa kilimo Rene Haller alianza kuyageuza msitu mwaka 1971. Akifika mtoni anakuta ndugu zake. Faida nyingine ni kwamba vifaranga hula viluwiluwi vya mbu, jambo ambalo Shangazi alilipokea kama fidia ya mwarobaini.

Mei, masika imeshika

Aprili ilipita kimya, manyunyu tu. Mei ikaja na yake.

Kwenye kizingiti cha utoro tumesimamisha ubao wa vipimo wenye rangi: kijani hadi sentimita 20, njano hadi 40, nyekundu kuanzia hapo. Mlinzi anausoma asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha anausoma kila saa. Usiku ule mkubwa maji yalifika 22, yakakaa hapo, yakaanza kushuka alfajiri. Mtu anaweza kusema ni kidogo. Nikakaa na karatasi: maji hayohayo yakilazimishwa kupita kwenye utoro wa zamani wa mita 2, yangelazimika kupanda sentimita 45 hivi. Na pale palipozama juu ya tuta palikuwa 35. Karatasi hiyo nimewatumia Muscat bila maelezo mengi.

Utoroni tulitoa mwembe mzima asubuhi yake. Binamu alikuja kusaidia kuuburuta. Hakusema kitu kuhusu nyavu, nami sikumkumbusha.

Jambo lililotushughulisha zaidi si mafuriko, ni mtungi wa jemu. Chini ya tuta, pale lilipotokea bomba la zamani, pana unyevu na ndago tangu zamani. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na kuvuja si kosa. Swali ni kiasi gani, na rangi gani. Tumechimba kijifereji maji yakusanyike, na mlinzi huweka chini yake kopo la lita moja na kuhesabu sekunde, kisha hujaza mtungi wa kioo na kuuweka dirishani. Wiki zote kopo lilijaa kwa sekunde 20, na maji yalikuwa meupe kiasi cha kusomea gazeti. Siku mbili baada ya mvua kubwa kopo lilijaa kwa sekunde 12, na mtungi ulikuwa na ukungu. Baada ya kukaa, chini pakawa na utando wa tope, mwembamba kama kucha.

Tope hilo ni tuta lenyewe linatoka, punje kwa punje. Nikimpigia mhandisi, mlinzi ameshaanza kufungua saifoni. Tulishusha maji polepole, sentimita 20 kwa siku, maana ukiyashusha kwa pupa upande wa ndani uliolowa hubaki bila kitu cha kuuegemea ukaporomoka. Huko chini hatukuziba. Fundi mgeni aliyekuwepo alitaka kupiga saruji pale pale, akazuiwa: ukiziba mdomo maji yanatafuta mdomo mwingine usiouona. Tuliweka kichujio, mchanga msafi kwanza, juu yake kokoto, juu yake mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki. Kufikia mwisho wa wiki mtungi ulikuwa safi, na kopo limerudi karibu na 20. Mitungi yote imepangwa dirishani na tarehe zake. Wageni wanadhani ni achari.

Kuhusu majirani wa chini: nyumba zilizo karibu na mkondo zimejulishwa, na watoto wanaopita njia ile kwenda shule wameonyeshwa njia ya juu. Ubao ukifika nyekundu mlinzi anapiga simu kwa wazee wawili, na imamu ametukubalia kutumia kipaza sauti cha msikiti. Tulifanya jaribio baada ya sala ya Ijumaa. Bibi mmoja aliuliza kwa nini hakuwahi kuambiwa miaka yote hiyo kwamba juu yake kuna maji. Ami ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa upole.

Juni, kusi

Sasa starehe, ambayo ndiyo watu wote wanaiulizia.

Kuogelea hakuna. Hili limeleta manung'uniko, hasa kwa vijana wa mjini wanaojiona samaki kwa sababu wamekulia kwenye bahari ya Mama Ngina na Pirates. Maji ya bwawa si ya bahari. Chumvi ya bahari humbeba mtu; maji baridi hayambebi kiasi hicho, na anayejua kuelea Bahari Hindi anashangaa anavyozama. Sakafu ni tope linaloshika miguu, chini huoni, na karibu na tuta kina kinaruka kutoka magotini hadi kupita kichwa ndani ya hatua chache. Isitoshe kuna kichocho. Konokono wake wanakaa kwenye majani ya ukingoni, na minyoo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote. Kwa hiyo majani ya ukingo yanafyekwa, wavuvi wanasimama kwenye jukwaa la mbao na si majini, na vyoo vimejengwa mbali, upande ambao hautiririki bwawani.

Mtumbwini kila mtu na jaketi lake la kuokolea, hata anayejua kuogelea, hata Ami. Ami alivaa akapigwa picha, akasema linambana tumbo. Kamba yenye maboya imevutwa mita 15 kutoka kwenye tuta, na mtumbwi hauvuki, kwa sababu mdomo wa saifoni uko upande huo na unapofanya kazi unavuta.

Mabanda nimeyapigania. Ami aliyataka chini ya tuta, penye kivuli na ardhi tambarare, na magari yaegeshwe hapo hapo. Pazuri kweli. Lakini utawezaje kuwakalisha watu na watoto wao mahali ambapo, likitokea la kutokea, maji yanafika kabla hujamaliza kupiga simu? Tumeyapeleka upande wa mlima, kwenye miarobaini ya Shangazi, ambayo kwa sasa inatoa kivuli cha kumtosha kuku. Mtu aliyetaka kukodi juu ya tuta kwa jukwaa la harusi, jenereta na vipaza sauti, amerudishiwa amana yake.

Yaliyobaki ni haya. Maombi ya kibali yamepelekwa pamoja na michoro ya mhandisi, tunasubiri majibu, na mpaka yatoke tunapokea ndugu na majirani tu, bila kiingilio. Panya wamechimba mashimo mawili upande wa kulia wa tuta. Yatafukuliwa na kushindiliwa kabla ya vuli. Bodaboda bado wanapita usiku, tumeona alama za magurudumu kwenye ukoka. Pesa iliyopo inatosha nguzo nne za zege na mnyororo wa kuwazuia. Mtumbwi wa pili utangoja mchango wa Muscat.